Herufi Moja, Tororo

Nilivibandua kwenye saa za mezani zilizokufa,
kwenye ving'ora vya pikipiki vilivyochoka kuwapigia wezi kelele,
visahani vinane vya kauri,
vyembamba kama magamba ya ngege.
Adongo akavihesabu mara mbili, akauliza:
Umeme ukikatika, vitakumbuka?

Sikumjibu. Nilibandika mafuta ya alizeti
kwenye sufuria ya mama yake (hadi leo hajui),
nikavuta nyaya mbili kutoka tumbo la televisheni kuukuu.
Kauri ikishika moto hulegea.
Chembe zake husahau upande,
kila moja na njia yake, kama siku ya soko mvua ikianza.
Hapo ndipo unaisukuma kwa volti,
unaishikilia,
unaishikilia mpaka ipoe
imelala ulikoilaza.

Sifuri, moja,
sifuri sifuri sifuri sifuri sifuri,
moja.
Hii ni A, nikasema. Ya Adongo.
Na ya Apiyo, akasema yeye.
Pacha wake. Alitangulia kuja, akatangulia kwenda,
hakufikisha miezi minne.

Usiku giza likaimeza Tororo nzima,
hata kiwanda cha saruji kikafunga mdomo.
Asubuhi, bila betri,
Adongo akabonyeza kwa kidole gumba:
sindano ya mita ikaruka kushoto. Kulia. Kushoto.
Akanitazama kama mtu aliyeguswa bega gizani.

Kwa hiyo sifuri ni wale ambao hawapo?

La. Sifuri ipo, binti.
Imelala ubavu wa pili tu;
ibonyeze, itakujibu kwa lugha yake.
Asiyekuwapo ni huyu,
nikamwonyesha kisahani cha nane,
kilichosahaulika usiku kucha kwenye jiko la makaa.
Akabonyeza. Sindano haikutikisika.
Akabonyeza tena, kwa kiganja, kwa uzito wote wa miaka yake tisa.
Si moja. Si sifuri.

Nilitaka kumweleza habari za joto,
kwamba kila kauri ina kiwango chake,
ikikipita haina tena jana.
Hakusikiliza. Alikuwa amekwisha kukifuta kwa pindo la gauni
na kukirudisha mahali pake, mwisho wa mstari.

Turudie hiki, akasema.
Mafuta yapo.
Sufuria ndiyo kazi: mama yake anaisugua uani,
anaguna juu ya harufu asiyoijua.