Gia ya Tano

Miaka thelathini na mmoja niliendesha
gari la maiti, Donegal nzima,
tai nyeusi, mwendo wa jongoo.
Abiria wangu hawakuwa na haraka.

Jumanne nimelipa. La njano!
Milango miwili, paa la kukunja,
viti vya chini hata nyasi zanipita kimo.
Bridie kacheka: "Kuingia utaingia, Malachy.
Kutoka je?"

Nikatia ya pili, ya tatu,
mngurumo nikausikia menoni,
kona ya Glengesh ikanijia, ikapita,
kondoo, mvua, ukuta wa mawe,
nyuma, nyuma, nyuma.

Darajani mzee Peadar, kwa mazoea,
akavua kofia, akaanza ishara ya msalaba.
Mkono haujafika bega la pili,
mimi nishaingia parokia nyingine.