Trei ya Nne

Barua ilitaka jibu moja tu:
mnayo sotoka, au hamnayo?
Kisanduku cha ndiyo, kisanduku cha hapana,
na mstari mfupi wa idadi.

Nilikuwa na hakika ya hapana.
Ugonjwa ulishatangazwa kuwa umekwisha duniani,
siku ile tulikula pilau hapa hapa Njiro,
mkurugenzi kavaa suti ya harusi yake.
Ila mtunza daftari hajibu kwa kumbukumbu.
Nilivaa glavu juu ya glavu, nikafungua
friza ya tatu, ile inayokoroma.

Nyuzi themanini chini ya sifuri.
Mvuke wa baridi ukanimwagikia magotini.
Trei ya kwanza, homa ya nguruwe.
Ya pili, seramu za mbuzi.
Ya tatu imebanduka lebo, haina mwenyewe.
Ya nne, nyuma ya barafu niliyoikwangua kwa kijiko cha chai,
ilikuwa na mwandiko wa Daktari Nanyaro,
ile «s» yake iliyolala kama mbwa aliyeshiba:
Sotoka. Ndama jike, baka jeupe kwenye paji.
Ute wa pua. Machi, themanini na mbili.

Daktari tulimzika Akeri mwaka juzi.
Hakuwahi kuniambia.
Labda alisahau. Labda alimhurumia yule ndama.
Mama yangu alitunza kitovu changu
ndani ya kopo la kahawa, hadi kopo likaota kutu,
na ukimuuliza kwa nini, anakuuliza wewe kwa nini.

Kimirei, mlinzi wa zamu, alichungulia mlangoni.
«Ni nini hicho?» Nikamtajia.
Akapiga hatua mbili nyuma, kisha moja mbele.
«Kidogo hivyo?»
Babu wa babu yake, kule Longido,
alilala na zizi, akaamka na ngozi;
tumbusi walishiba hadi wakashindwa kuruka.
«Na nyinyi mnakipa umeme?»

Tunakipa. Miaka yote hii tunakipa.
Umeme ukikatika, jenereta inaunguruma,
dizeli tumeiombea barua tatu.
Kuna masika nilikopa kwenye kikoba
nikanunua lita ishirini kwa fedha yangu,
sijui namlinda nani.

Alhamisi, mbele ya mashahidi watatu,
vichupa kwenye mfuko, mfuko kwenye debe,
debe kwenye tanuri la mvuke.
Nyuzi mia moja ishirini na moja, saa nzima na nusu.
Nilitegemea harufu ya kitu kikubwa.
Ilinukia pasi juu ya shati bichi.
Shahidi mmoja akaomba tupige picha.

Daftari la zamani nililipata jioni,
limeegemeza mguu wa meza ya stoo.
Ukurasa wa sitini: vichupa kumi na kimoja.
Nilikuwa nimechoma kumi.

Nikafungua friza zote. Nikayeyusha barafu
hadi sakafu ikawa mto Themi.
Pengine kilivunjika zamani, kikafagiliwa.
Pengine Daktari alihesabu vibaya,
usiku, tochi mdomoni.
Pengine kimo kwenye friza ya mtu mwingine
anayejibu hapana kwa kumbukumbu.

Fomu haina kisanduku cha pengine.
Niliandika pembeni, kwa herufi ndogo:
Kumi vimeteketezwa. Kimoja hakijulikani kilipo.
Mkurugenzi akasoma, akavua miwani, akaivaa tena.
«Ungeacha tu,» alisema.
Lakini akatia saini.

«Umekwisha?» Kimirei aliniuliza getini.
Nikamwambia huko duniani umekwisha,
humu ndani bado tunahesabu.

Ng'ombe wa jirani alikuwa akivuka lami,
amechelewa kurudi, kamba inaburuta.
Nilimtazama pua.
Ilikuwa imelowa, kama pua ya ng'ombe inavyopaswa.
Nikasimama pale hata hivyo,
hadi akapotea nyuma ya michongoma.