Tarakimu Nne

Bi Nyanzobe aliileta ndani ya mfuko wa mchele.
Siku tatu ameizika humo, ndivyo walivyomshauri sokoni.
Nikamwambia: mama, mchele hunywa maji ya sufuria,
haya ya simu haunywi.
Nikachokonoa tundu la chaji kwa sindano,
ukatoka unga mweupe, kisha chenga moja
iliyokaa humo kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka.

Ilidumbukia kwenye ndoo ya dagaa, Mwaloni, alfajiri,
alipoinama kupima.

Mimi sina kibanda wala bango.
Nina meza hii ya jikoni, huku Mabatini,
jiwe kubwa limeegemea ukuta wa nyuma
na usiku hurudisha joto lote lililokopa mchana.
Nina brashi ya meno iliyostaafu,
spiriti, bisibisi tatu,
na mfuniko wa sufuria ninamopanga skrubu
kwa mzunguko, kama zilivyotoka,
maana skrubu ndefu ikiingia pa fupi
hutoboa, na ukitoboa hapo umeua.

Nikafungua mgongo. Harufu ikatangulia.
Kutu ya kijani imeanza kuota kando ya betri
na chini yake gamba la samaki,
moja, jembamba, linang'aa,
utadhani laini iliyosajiliwa ziwani.

Nikasugua. Nikapuliza. Nikasubiri.
Bi Nyanzobe juu ya ndoo iliyopinduliwa
hanioni mimi, anaiona simu tu,
kama mtu aliyeketi nje ya wodi.

Ikatetema. Ikawaka.
Zikamiminika meseji za siku tatu:
mnunuzi wa Geita, kikoba, msiba wa jirani,
na yule asiyejulikana, asiyechoka:
ILE HELA TUMA KWENYE NAMBA HII.
"Huyu mwezi jana nusura nimtumie," akasema,
"nilijua ni mdogo wangu."

Inataka namba ya siri, nikamgeuzia kioo.
Hakuipokea. "Mikono ina mafuta. Bonyeza wewe:
moja, tisa, tisa, sita."

Kidole changu kikasimama hewani.
Mwaka wa meli.
"Na ya kutolea pesa?"
"Hiyo hiyo."

Mama, mwizi wa mji huu hahitaji akili.
Ataanza na moja, mbili, tatu, nne,
ikikataa, atajaribu mwaka huo,
kwa sababu na kwao kuna picha ukutani.
Nilitaka kusema hivyo. Nilisema robo yake.

Akafuta mikono kwenye khanga, taratibu, kidole kwa kidole.
"Kaka yangu Bugingo alikuwa anarudi kutoka shule.
Pale Igoma wamelala wengi, sijui yeye ni yupi.
Kila nikinunua vocha, kila nikilipia mzigo,
namgusa. Mara nne, kwa kidole.
Nikibadili, nitamgusia wapi?"

Najua kubandua kioo bila kukiacha na ufa.
Najua waya upi unadanganya na upi umekufa kweli.
Hili silijui.

Nikamwekea simu kiganjani.
Nikageukia dirisha, nikalitazama jiwe.
Nikasikia mguso mmoja. Wa pili.
Kimya, hata nikadhani ameghairi.
Wa tatu. Wa nne.
Kisha tena zote, haraka, za kuthibitisha.

"Nimeweka ile ya..."
"Usiniambie."
"Hata wewe fundi?"
"Mimi ndiye wa kwanza kutoambiwa."

Akacheka, akaniachia elfu nne na kisado cha dagaa,
akashuka ngazi za mawe
ameibana simu kwapani kama kuku wa kununua.

Usiku, nikiosha mfuniko,
nikalikuta lile gamba limeganda ukingoni.
Nikaichukua simu yangu mwenyewe.
Chumbani hamkuwa na mtu,
bado nikaupa mlango mgongo,
nikabadili yangu.