Msimamo wa Ligi, Nyabyeya

Babu yangu Mugenyi hakuwahi kuvuka Ziwa Albert,
lakini aliwajua kwa majina washambuliaji watatu wa Lwów,
akiwataja kwa ulimi wa Kinyoro
uliozitoa konsonanti mojamoja
kama miba ya samaki asiyemzoea.

Alifundishwa na Zenon, mwana wa dobi wa klabu,
miaka kumi na minne, magoti kama mafundo ya mwanzi,
aliyeshushwa na lori mwaka wa arobaini na mbili
pamoja na wanawake, watoto na kengele isiyo na kanisa,
baada ya theluji, baada ya Uajemi,
baada ya meli na treni na mashua hadi Bandari ya Masindi,
hapa, ukingoni mwa msitu wa Budongo.
Wanyoro wakampa empaako, Apuuli.
Mtu asiye na empaako utamwamkiaje asubuhi?

Kwenye unga wa msumeno alichora kwa kidole:
klabu ilizaliwa mwaka wa nne wa karne, shuleni;
jezi, nyekundu na buluu;
ubingwa, ishirini na mbili, ishirini na tatu.
Ishirini na nne haukushindaniwa.
Ishirini na tano. Ishirini na sita.
"Mara nne," alisema Zenon.
"Tano," alisema babu. "Mwaka huo usioshindaniwa,
nani angewafunga?"
Wakabishana mpaka nyapara akagonga chuma.

Na jina? Pogoń.
Zenon alikosa neno la Kiswahili,
akamkimbiza kuku wa mpishi kuzunguka jiko
mpaka babu akaelewa: kufukuza.
Kisha wote wawili wakanyamaza,
maana kitenzi hicho ukikitia herufi moja tu tumboni
waliofukuza
wanakuwa waliofukuzwa.

Mpira ulikuwa soksi za askari, raba ya tairi, nyuzi za mgomba.
Babu hakuruhusiwa uwanjani.
Kambi ilikuwa na mipaka, na mipaka ilikuwa na rangi zake,
si nyekundu, si buluu.
Kazi yake ilikuwa nyuma ya goli, kuokota mpira vichakani
ambako nyani waliangalia mechi bila kiingilio
na siku moja wakaondoka nao moja kwa moja.
Jumapili ile kipa alilala na malaria.
Zenon alitazama kushoto, akatazama kulia,
akamtupia babu glavu za sufi zilizotoka Siberia.
Dakika ishirini, mpaka mkuu wa kambi alipotokea.
Mabao aliyofungwa: sifuri.
Sifuri hiyo babu aliisimulia maisha yake yote
kama mwingine anavyosimulia ng'ombe.

Wakaondoka. Malori yaleyale, vumbi likielekea upande mwingine.
Mji wa Zenon ulikuwa umehama bila kusogea:
mawe yapo, mnara upo, bendera si ileile.
Klabu bila mji, mji bila klabu,
na dobi, hakuna aliyejua alilala wapi.
Ilikuja barua moja, kutoka Bytom:
"Hapa ipo timu, na wengi wetu tumeikimbilia.
Nami nakwenda, nashangilia,
kama mjane anavyocheka harusini."

Mimi ndiye ninayefyeka makaburi yao sasa,
mara mbili kwa mwezi, mara tatu masika.
Majina siwezi kuyatamka yote.
Kuna moja la mtoto wa miezi saba; hapo huweka panga chini
na kung'oa nyasi kwa mkono.

Babu, miaka yake ya mwisho, kila Jumamosi jioni
alisogeza sikio kwenye redio ya betri
matokeo yasomwe: Kampala, Jinja, Uingereza yote,
hadi mtangazaji akafunga daftari lake.
"Hawakutajwa?" niliuliza.
Akazima redio kuokoa betri.
"Watakuwa na mechi ya ugenini."