Mgonjwa Aulizwe Uji

Miaka kumi na miwili niliwasoma watu kwenye vioo.
Oviedo, ghorofa ya tano, wodi ya mahututi:
moyo ni mstari wa kijani, pumzi mstari wa buluu,
na mashine zikilia kama vichanga visivyo na mama.
Nilijua damu ya kila mmoja ilivyo nzito.
Sikujua nani anaogopa giza.

Usiku mmoja mwanamke wa kitanda cha saba
alinishika mkono nikibadilisha dripu.
Hakuomba dawa. Alisema, "Kaa."
Nikamwambia, narudi.
Niliporudi, shuka lilikuwa jipya.

Sikulia. Nilijaza fomu.
Ila neno lile, kaa,
likawa kaa la moto, likanikaa kifuani
hadi nilipoandika barua ya kuacha kazi.

Mama akasema: unaacha hospitali kuu
ukakande miguu ya vizee?
Bosi wangu, Bi Purificación, akacheka puani:
"Eti kumuuguza mtu mzima mzima!
Kwani sisi hapa tunauguza nusu?"
Ndiyo, nikajibu kimoyomoyo. Nusu.
Na ni ile nusu isiyosema.

Nikasoma upya, mwanafunzi mwenye mvi mbili tatu,
kisha nikashukia Mieres, bonde la migodi iliyofungwa,
nyumba kwa nyumba katika manyunyu yasiyokatika,
gari langu kuukuu, wipa moja tu.

Belarmino, miaka themanini na miwili,
mapafu yamejaa vumbi la mwamba.
Faili lasema: *hukataa kitanda, hulala kitini.
Dawa ya usingizi imeongezwa mara tatu.*

Husemwa mgonjwa haulizwi uji.
Nilimuuliza uji, nikamuuliza na kiti.
Kimya. Chiriku wake akabangua mbegu tunduni.
Nikachemsha maji, nikamwosha miguu
kidole kwa kidole, bila kutazama saa
(niseme kweli: niliitazama mara moja).
Nilipofika mguu wa pili, akaanza:

"Mwaka sitini na saba paa la mgodi lilituangukia.
Nililala chali kwa saa kumi na tisa,
Honorino ubavuni mwangu akinong'ona,
kisha asinong'one.
Tangu siku hiyo, binti,
kulala chali ni kuzikwa."

Madaktari sita walikuwa wameshika kalamu.
Hakuna aliyeliandika hilo.

Hatukuongeza dawa.
Tulikisogeza kitanda dirishani,
upande wa kichwa tukauinua kwa matofali mawili,
mlango tukauacha wazi, na taa ya ukumbini ikiwaka.
Usiku wa kwanza alilala saa mbili.
Wa pili hakulala, akanitukana asubuhi.
Wa tano, alilala mpaka chiriku akamwamsha.

Usinielewe vibaya. Hakupona.
Vumbi ni vumbi,
na namba za oksijeni bado naziandika, kwa wino,
maana huruma isiyojua vipimo nayo huua.
Mshahara umepungua, mgongo unauma,
wako wanaonifungia mlango,
na mwanawe Belarmino aliwahi kuniuliza
kama mimi ni muuguzi au padri.
Nikamwambia: nishikie beseni, utajua.
Akalishika.

Siku hizi nikiulizwa kazi yangu ni ipi
jibu hunijia polepole.
Zamani nilikuwa nalo tayari,
na jioni nililivua pamoja na sare.

Januari, theluji ikiwa juu ya mnara wa mgodi,
pumzi yake ikaanza kwenda mbali na kuchelewa kurudi.
Nilikivua kile kipimo kidoleni mwake,
nikakitia mfukoni.
Mkono wake ukapapasa blanketi
kama wa mtu anayetafuta taa yake chini ya ardhi.

Sikungoja aniambie.
Nilivuta kiti, kile kile chake.
Nikakaa.