Saa Nne

Kaja amebebwa, na hilo peke yake lilitosha kunitia wasiwasi.
Shaame wa Raya, ambaye kila siku hunipita mlangoni mbio
akikidai kikombe chake chenye uzi mwekundu,
leo kalala begani, mzito kama nguo iliyorowa.

"Hakulala vizuri," alisema mamake,
macho yako kwenye ndara zangu.
"Joto la usiku tu, Bi Time."
Huko barabarani gari la shamba lishapiga honi mara mbili.

Nikamshika shavu: baridi, tena baridi ya jasho.
Nikamsogelea kinywa:
dawa ya maji, ile ya waridi,
tamu ya kudanganya.
Sikusema kitu.
Karafuu hazimngoji mtoto apone,
na Limbani nzima inajua Raya anadaiwa dukani kwa Khelef
tangu mwezi wa Shaabani.

Ubavuni mwa kabati pana karatasi
kwa mwandiko wa binti yangu:
MWENYE HOMA ASILETWE.
MWENYE KUHARA ASILETWE.
MWENYE MACHO MEKUNDU ASILETWE.
Wazazi wote wametia saini.
Bibi yake Hidaya, asiyejua kusoma, alisomewa,
akacheka mpaka akajishika mbavu:
"Basi mwaka mzima nitakaa naye mie!"

Homa ina saa yake.
Dawa ya alfajiri huchoka saa nne.
Saa nne uji wa Shaame ulikuwa umeshafanya ngozi juu,
na yeye kajikunja pembeni ya mkeka
akitetemeka, kimya,
kama aliyeambiwa nyumbani asinisumbue.

Nikamwinua. Nikampeleka kitandani kwangu,
nikashusha pazia.
Fulana nje, kitambaa cha maji ya uvuguvugu,
maji ya kunywa kijiko, kijiko, subiri, kijiko.
Nikahesabu pumzi zake kwa saa ya ukutani
huku sikio moja liko ukumbini,
ambako pacha wa Sharifa wanagombania kifuniko cha sufuria
na watoto sita wanataka kujua
kwa nini Shaame analala kwa bibi na wao hawalali.

Simu ya kwanza haikupatikana.
Ya pili kapokea nokoa:
"Wako bondeni. Nitamwambia tukishapima."
"Mwambie sasa," nikasema,
kwa sauti ambayo sikuitumia tangu marehemu yuhai.

Kitapikacho hakiulizi shuka ya nani.
Nilifua, nikanawa, nikanawa tena,
nikachemsha vikombe vyote, na uzi wao.
Hidaya akapenyeza chini ya pazia jani la mpera:
"La Shaame. Asilile."

Raya kafika adhuhuri kwa miguu,
vidole vyeusi, makonyo yamemganda kwenye mtandio.
Nilikuwa na maneno. Nimeyapanga tangu saa nne,
yamenyooka kama mstari wa sala.
Akanitangulia:
"Nilimpa saa kumi na moja. Nikasema labda."

Labda.
Neno hilo mie nalijua.
Mwaka ule wa kufua kwa watu, nilimwacha mwanangu kwa jirani
na labda hiyo hiyo,
nikamfuta jasho mlangoni ili jirani asione.

Akafungua pindo la leso anilipe nusu siku.
Nikamfunga pindo lake mwenyewe.
"Nenda naye kituoni apimwe malaria. Hayo mengine kesho.
Na kesho usimlete. Wala kesho kutwa."
Akaitika kwa kichwa. Siku mbili, pishi zake zote.
Sote wawili tulizihesabu, hakuna aliyezitaja.

Usiku nikachukua kalamu ya binti yangu,
na chini ya saini zao nikaandika
kwa mwandiko wangu wa ngumbaru, unaopanda mlima:
UKIMPA DAWA NAMBIE SAA.

Asubuhi Sharifa yuko mlangoni,
pacha mmoja anatembea, mwingine yuko begani.
Kabla ya hodi, kabla ya salamu,
"Kumi na moja na nusu," akasema.
Nikampokea mtoto.
Nikamwonyesha kiti.