Panya wa Maji Matupu

Saa kumi na moja alfajiri, Barani, Malindi.
Umeme umekatika, jenereta ya chuo inakohoa.
Nawasha tochi ya simu: macho arobaini
yananitazama kutoka vizimba vinne,
mekundu kama tembe za mturituri.

Naanza kupima. Huyu gramu mia na tisini.
Huyu mia mbili na nne. Huyu aliniuma jana,
leo ananinusa kidole
kama anayetafuta namna ya kuomba radhi.

Kizimba cha kwanza: maji matupu.
Cha pili: M, kidogo.
Cha tatu: M, maradufu.
Cha nne: M, kwa kadiri anavyokunywa Thoya.

M ni gome la mti ambao mama alinikataza kuutaja.
"Mpelekee daktari wako gome," alisema, "jina libaki Ganda."
Nikaandika M daftarini.
Daktari Shekuwe akadhani M ni mti.
Sikumsahihisha.

Mama yangu, Jumwa wa Baya,
amechemsha gome hilo miaka thelathini na minane
kwenye sufuria moja iliyopinda mdomo.
Wanawake waliotoka kujifungua, midomo imewapauka,
walikunywa, na wiki haijaisha
kucha zao zikarudi rangi.
Sare zangu zilitoka kwenye sufuria ile, na karo,
na nauli ya kwenda kujifunza
kumpima yeye.

Na Thoya, fundi vigae,
aliyelaza sakafu za nusu ya hoteli za Casuarina,
Thoya alikunywa pia.
Sasa kila Jumatatu na Alhamisi
analala saa nne kando ya mashine
inayoifua damu yake na kumrudishia.
Mkewe hapiti tena mbele ya nyumba yetu.
Anazunguka nyuma, kwenye kiwanda cha barafu.

Siku ya ishirini na nane tukawatoa damu.
Nitasema kwa ufupi, mikono bado inakumbuka.
Pamba ya usingizi. Sindano. Kichupa. Mkasi.
Figo ya panya ni ndogo, kama punje ya kunde.
Nilitoa arobaini,
nikazihesabu kama nilivyohesabu macho.

Chini ya hadubini, kizimba cha pili:
chembe nyekundu tele, za mviringo,
vitumbua vilivyojaa sinia.
Cha nne: vijifereji vya figo vimevimba, vingine vimebomoka,
mitaro ya mjini baada ya masika.
Kreatini juu. Urea juu.
"Matokeo mazuri," akasema daktari.
Alimaanisha yanasomeka.

Nikaenda Ganda na karatasi.
Mama hasomi tarakimu za maabara, husoma uso wangu.
Akauliza jambo moja tu:
"Mliwapa kwa kikombe gani?"

Cha Thoya, nikasema. Chupa ya soda, asubuhi na jioni.

Akainuka. Akarudi na kikombe cha kahawa,
kile kidogo kisicho mkono, ukingo umemeguka.
"Hiki. Siku saba. Kisha unaacha, hata ukiililia.
Nani alimwambia anywe kwa chupa?"

Nani.
Kaka yangu Katana, anayeuza sokoni,
kwa kuwa mteja hanunui kikombe, hununua chupa.
Na mimi, niliyemchapishia lebo:
NUSU LITA. TIBA YA MAMA.
Kijani nilikichagua mwenyewe.

Mama hakusema neno.
Akakiosha kikombe. Kilikuwa safi. Akakiosha tena.

Usiku huu naandika ripoti.
Nimeandika kipimo, nimekifuta, nimekiandika.
Kesho nitapita kwa mkewe Thoya, kwa mlango wa mbele,
sijui nitaanza na salamu gani.

Lakini kinachoninyima usingizi ni kizimba cha kwanza,
wale watano wa maji ya mfereji,
walionenepa vizuri, figo laini, damu haina neno,
hawakuugua, hawakutibiwa,
nasi tukawaua vilevile,
tupate cha kulinganisha.